Magego Matatu ya Nyambura

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Karibu na steji ya matatu ya Ruiru, Beth Njoki anasimama nyuma ya kikokoteni chake, panga mkononi, kichwa kimeinama. Midomo yake inasogea bila sauti. Kisha anasema "Amina", anachukua mua wa kwanza na kuanza kuumenya.

Panga linateremka kutoka kifundo hadi kifundo. Maganda ya zambarau yanaanguka miguuni pake. Anakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba na kuvitupa ndani ya sanduku la kioo, na kabla chai yake haijapoa, kilima cheupe kimeshafika katikati ya kioo.

Mteja wa kwanza ni mwendesha boda aliyevaa koti la mvua.

"Mathe, niwekee ya ishirini. Na usiniwekee vifundo, meno bado nayataka."

Beth anatabasamu, anampimia, anapokea pesa. Kijana anapoondoka, Nekesa, mama anayeuza njugu na mahindi ya kuchemsha kwenye meza ya jirani, anatikisa kichwa.

"Mwache tu. Hajui amesema nini."

Asichokijua kijana huyo ni kwamba nyumbani kwa Beth, mtaani Witeithie, yuko kitindamimba wake, Nyambura, mwenye umri wa miaka saba. Nyambura ameota magego manne ya kudumu, yale ya nyuma ambayo mtu hutafunia maisha yake yote. Moja limeshavunjika. Matatu yaliyobaki yana ganda laini kiasi kwamba daktari wa meno mjini Thika amewaonya wazazi wasimpe mtoto hata ukoko wa wali. Jumanne ijayo atajaribu kuyavisha kofia za chuma kabla nayo hayajavunjika. Leo ni Ijumaa.

"Zimebaki siku nne," anasema Beth. "Siku nne za uji, viazi vya kuponda na maombi."

Beth ana umri wa miaka thelathini na minane, na huu ni mwaka wake wa kumi na mmoja katika biashara ya miwa. Hununua mzigo alfajiri katika soko la Madaraka, Thika, kisha huutuma Ruiru kwa pikapu ya jirani. Siku ya jua kali hurudi nyumbani na shilingi mia saba. Mvua ikinyesha, hata mia mbili ni bahati. Mumewe, Kang'ethe, huchonga mawe ya kujengea katika machimbo ya upande wa Juja. Hulipwa kwa idadi ya mawe, na jioni hurudi akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyemwagiwa unga.

Wana watoto watatu. Kifungua mimba ni Njau, kijana wa miaka kumi na minne mwenye meno ya kufungulia soda. Anayemfuata ni Wangeci, miaka kumi. Wa mwisho ni Nyambura.

Ili kuelewa yaliyoipata familia hii, ni lazima kuanza na majina hayo. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na binti wa pili jina la mama wa mama yake. Jina hilo si la kuitia tu. Kang'ethe humwita Wangeci "Maitu", yaani mama yangu, na hajawahi kumwinulia mkono. Beth naye humwita Nyambura "Maitu". Mgeni akiuliza, huambiwa bila kusita: huyu ni wa kwa baba, huyu ni wa kwa mama. Mtoto akiwa na pua fulani au hasira fulani, watu humtafuta yule aliyeitiwa jina lake, na wakishamwona huridhika.

Wangeci alipozaliwa, bibi yake mzaa baba, ambaye familia nzima humwita Shosho, alikuja kutoka Ngoingwa na ndizi na kuku. Alimbeba mtoto akacheka, kiganja kimefunika mdomo kama kawaida yake. "Nimezaliwa tena," alisema. Beth alidhani kule kuziba mdomo ni adabu za wanawake wa zamani.

Meno ya utoto ya Wangeci yalitoka na rangi ya chai. Alipofika miaka sita na yale ya kudumu kuanza kuchomoza, yalikuwa ya njano iliyokolea, yenye mistari iliyosimama kutoka juu hadi chini, mabonde na matuta, kama bati la kuezekea. Hakuweza kunywa maji baridi. Upepo wa asubuhi ukimwingia kinywani akienda shule, machozi yalimtoka.

Kila mtu alikuwa na jibu. Jirani mmoja alilaumu maji ya kisima. Mhubiri mmoja aliyepita mtaani alisema ni laana, akampaka mtoto mafuta, akaomba sadaka. Lakini wengi waliona jibu liko wazi kwenye kikokoteni.

"Nilikuwa nikipita nawasikia," anasema Beth. "'Si mama yake anauza miwa? Unategemea nini?' Nami nilikuwa nimemkataza Wangeci hata kuonja. Siku moja mwalimu aliniita akaniambia, 'Mama Njau, punguza sukari nyumbani.' Nilienda nyumbani nikamwaga sukari yote kwenye sinki. Tukanywa chai bila sukari mwaka mzima."

Shuleni watoto walimpa Wangeci jina la Mahindi. "Mahindi, kwenu Kolgeti iliisha?" walimwuliza. Akajifunza kuongea akiwa amefunga midomo. Akaacha kuimba katika kwaya ya watoto kanisani. Katika picha ya darasa la kwanza ndiye pekee aliyeangalia chini.

Hapo ndipo Beth alipofanya jambo ambalo leo hawezi kulisimulia bila kuweka panga chini.

Marehemu nyanya yake alikuwa akisugua masufuria kwa majivu mpaka yang'ae. Beth akachukua majivu ya jikoni, akayachuja, akachanganya na chumvi. Kila jioni alimshika Wangeci kidevu, akamsugua kwa mswaki mgumu. Mtoto alilia. Mama naye aliomba kwa sauti huku akisugua, akimwambia Mungu ayafanye meupe kama miwa yake.

"Kila siku niliona kama njano imepungua kidogo," anasema. "Nikamshukuru Mungu. Nikaongeza nguvu."

Wangeci alipofikisha miaka saba, gego moja lilipasuka. Usaha ukajaa, shavu likavimba hadi jicho likafungika. Ndipo wazazi wote wawili walipompeleka kwa Daktari Nimisha, mwanamke wa makamo mwenye kliniki ndogo ya meno mjini Thika. Familia yake imekaa katika mji huo tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake ni kile cha wateja wake.

Daktari aling'oa gego hilo. Kisha akauliza maswali. Mtoto alipata homa kali akiwa mdogo? Wanakunywa maji ya wapi? Katika ukoo kuna mwingine mwenye meno kama haya?

Swali la mwisho Beth alimwachia mumewe, kwa kuwa mtoto ni wa upande wake.

"Hakuna," alisema Kang'ethe. "Mimi yangu ni ya bandia, lakini hayo yalivunjwa na jiwe kazini."

Beth aliifahamu hadithi hiyo. Alimkuta Kang'ethe akiwa na meno ya bandia, juu na chini, na tangu uchumba aliambiwa habari za jiwe lililoruka machimboni. Hakuwa na sababu ya kuitilia shaka.

"Mna mtoto mwingine mdogo?" daktari aliuliza. "Mleteni nimwone naye."

Beth akaitikia. Lakini hakumpeleka.

"Nilimaanisha ndiyo wakati nikisema," anaeleza, macho yakiwa kwenye miwa. "Lakini tukiwa njiani kurudi nikajiuliza, nimpeleke Maitu wangu, Nyambura, ya nini? Huyo ni wa kwetu. Mama yangu ana miaka sabini na moja, na akija hapa anatafuna mua kunishinda. Kwetu hakuna meno mabovu. Nikaona ni kupoteza siku ya kazi na pesa bure."

Meno ya utoto ya Nyambura yalikuwa na mistari hafifu tu. Beth akasema ni chai. Magego yake ya kudumu yalipoanza kutoka, nyuma kabisa, hakuna aliyetazama huko. Miaka mitatu tangu siku ile ya kliniki ikapita hivyo.

Mwezi wa nne mwaka huu, Nyambura alikuwa akila githeri ya mahindi na maharagwe akasimama ghafla. Akatoa kitu mdomoni akakiweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Mama, kuna jiwe kwa maharagwe."

Beth alikipeleka mlangoni penye mwanga. Halikuwa jiwe. Kilikuwa kipande cha jino, cha njano, chenye mistari.

"Nilikaa chini hapo hapo mlangoni," anasema. "Nilijua. Sikujua ninachokijua, lakini nilijua."

Kesho yake walirudi kwa Daktari Nimisha wakiwa wanne: baba, mama na mabinti wawili. Daktari aliwatazama watoto vinywani kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akavua glavu, akavuta kiti, akaketi mbele ya Kang'ethe.

"Baba Njau, hilo jiwe lilikupiga wapi?"

"Hapa mbele."

"Na magego ya nyuma?"

Kang'ethe aligusa shavu lake.

"Jiwe moja haling'oi meno ya mtu yote, juu na chini," daktari alisema kwa upole. "Sikuulizi ili nikuaibishe. Nauliza kwa sababu ya huyu mdogo."

Kang'ethe aliangalia viatu vyake. Mwishowe aliingiza vidole mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, akayaweka juu ya kitambaa cha karatasi mapajani. Uso wake ukabonyea ukawa wa mzee.

"Hakukuwa na jiwe," alisema.

Maneno yake yalitoka kwa shida, lakini aliyasema yote. Kwamba tangu utoto meno yake yalikuwa ya njano na membamba, yakimeguka kila mwaka. Kwamba akiwa na miaka ishirini na moja alienda kung'olewa yote kwa daktari mmoja, Jumamosi mbili mfululizo, ili aweze kumtongoza msichana akiwa ameinua uso. Kwamba alitafuta kazi ya machimbo mwaka huohuo.

"Nilisema ni jiwe kwa sababu machimboni hakuna anayekuuliza mara ya pili. Na Mami, mama yangu, pia yake ni hivyo. Ndiyo maana anacheka ameziba mdomo."

Kisha akamgeukia mkewe. "Siku jino la kwanza la Wangeci lilitoka, nilijua limetoka kwangu. Nikanyamaza. Ulilaumiwa, nikanyamaza. Nikasema pengine ni huyu mmoja tu, kwa sababu ya jina."

Beth anasema mkono ulimwasha kumpiga, na moyo ulitaka kumfunika uso ule wa kizee ili watoto wasiuone. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Ni Daktari Nimisha aliyeendelea kusema. Aliwaeleza kwa mfano wa nyumba. Ganda gumu la nje ya jino, ambalo wataalamu huliita enameli, hujengwa kabla jino halijatoka kwenye ufizi. Mwili ni fundi, na fundi hufuata mchoro. Nusu ya mchoro hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Katika familia hii kuna mchoro mmoja wenye kosa: fundi ana bidii, vifaa vipo, lakini mchoro unamwambia apake ganda jembamba au lisiloshikana. Si sukari, si maji, si laana.

"Kuna kipimo cha kuthibitisha, lakini ni ghali na sina hapa," alisema. "Ila nikimjumlisha bibi yao, baba, mabinti wawili, na kijana ambaye mnasema yuko sawa, naona kama kosa liko kwenye ile sehemu ambayo baba humpa kila binti wake. Wote. Habagui. Mvulana hapewi hiyo na babake, ndiyo maana Njau ana meno mazuri. Na wanaume wenyewe huumia zaidi, kwa kuwa hawana mchoro wa pili wa kusaidia. Wasichana huwa na mistari: hapa ganda zuri, hapa baya."

"Na jina?" Beth aliuliza.

"Jina linafanya nini?"

"Nyambura ni wa kwetu, Daktari. Ana jina la mama yangu. Ndiyo maana sikumleta."

Daktari Nimisha alimgeukia. "Mama Njau, mchoro haujui jina la mtoto."

Kisha akauliza jinsi wanavyosafisha meno ya Wangeci nyumbani. Beth akaeleza: majivu, chumvi, mswaki mgumu, kila jioni, miaka minne. Aliposimulia alidhani atasifiwa kwa usafi. Akaona uso wa daktari unabadilika.

"Ganda kidogo alilokuwa nalo..." daktari alianza, akaishia hapo.

Beth aliimalizia sentensi mwenyewe. "Nililikwangua mimi."

Wangeci alikuwa amesimama karibu na mlango. Alisikia yote.

Tangu siku hiyo ameng'olewa magego mengine matatu, kwa hivyo yote manne ya kudumu yamekwenda. Hutafuna kwa meno ya mbele, kama sungura, na chakula chake humalizika wakati wenzake wameshaosha vyombo. Daktari ameyapaka ya mbele dawa nyeupe ambayo humeguka baada ya miezi michache na kupakwa tena. Akifika miaka kumi na minane, mifupa ikiacha kukua, anaweza kutengenezewa kofia za kudumu. Hiyo ni miaka minane ya kungoja.

Kwa Nyambura bado kuna nafasi. Kofia ya chuma ikifunika gego likiwa zima, linaweza kudumu hadi utu uzima. Kila kofia ni shilingi elfu sita. Kang'ethe amekwenda machimboni hata Jumapili baada ya ibada, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Nekesa na akina mama wa steji wamechanga. Pesa zimetimia wiki hii. Sasa kinachohitajika ni magego yenyewe yawe bado yapo.

Beth na Kang'ethe bado wanaishi pamoja. Beth hafichi kwamba ni kwa taabu. "Nilimsamehe kwa mdomo kanisani," anasema. "Moyo unakuja nyuma, polepole, kama mtu aliyechoka." Shosho alipoambiwa kwamba siri imetoka, alikaa chumbani kwake siku mbili. Siku ya tatu alipiga simu, akataka kuongea na Wangeci. Hakuna anayejua alimwambia nini. Mtoto alisikiliza, akasema "Ndiyo, Shosho" mara nyingi, akarudisha simu.

Mwezi wa kumi na mbili ukoo hukutana Ngoingwa. Kang'ethe amesema atasimama mbele ya watu wote, atoe meno yake, na aseme. Dada yake, ambaye huenda naye amerithi kutoka kwa Shosho, ana binti wa miaka minne.

"Akishindwa kusimama, nitasimama mimi," asema Beth.

Jua linapoelekea kuzama, anafunika sanduku la kioo kwa kitambaa, anafagia maganda, anamwachia Nekesa panga amtunzie. Saa kumi na mbili na nusu yuko mlangoni kwake Witeithie.

Ndani, mabinti wameketi kwenye mkeka kando ya beseni. Wangeci ameshika mswaki laini wa mtoto. Tangu siku ile ya kliniki hajamruhusu mama yake ashike mswaki wake, wala wa mdogo wake. Hakutoa sababu, na Beth hakuomba aelezwe.

"Fungua. Pana. Kama kiboko."

"Unaniumiza."

"Sijakugusa hata! Mwongo wewe."

"Ulitaka kunigusa."

"Nyamaza, utameza povu."

Mkono wa Wangeci unazunguka taratibu, bila kubonyeza, kama mtu anayefuta vumbi kwenye yai. Beth anabaki mlangoni, mkoba begani. Hapo ndipo anapoomba siku hizi. Anasema zamani alimwomba Mungu ayafanye meno ya watoto wake kuwa meupe, na sasa ameachana na ombi hilo. Anaomba yafike Jumanne tu. Na akiwa na ujasiri anaongeza ombi la pili, ambalo halihusu Nyambura.

"Mama," Wangeci anaita bila kugeuka. "Huku nyuma kuna giza. Leta tochi."

Beth anaweka mkoba chini. Anawasha tochi ya simu, anapiga magoti kwenye mkeka kando ya binti yake, na kuinua simu.

"Shika hapo. Usiguse, shika tu."

Anashika. Mwanga unaingia kinywani mwa Nyambura, unapita meno madogo ya mbele, unafika nyuma kabisa. Wangeci anainama, anatazama chini, anatazama juu, anahesabu kwa sauti ya chini.

"Moja. Mbili." Anamsukuma mdogo wake kichwa kidogo upande wa mwanga. "Tatu. Yote yapo."